Jinsi ya kupima usalama wa dawa ya mitishamba kwa panya wa maabara, kuanzia kwa mganga mpaka kwenye ripoti

Naandika hii kwa watu wa aina mbili, waganga wenye dawa zao nzuri wanaotaka zipimwe, na vijana wa famasi na maabara ambao wanaletewa unga kwenye mfuko wa rambo wanaambiwa "tupimie kama ni salama". Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa anatibu kwa mizizi, alafu nikaja kufanya kazi ya kulisha panya dawa, kwahiyo pande zote mbili nazijua. Bibi alikuwa anasema dawa yake haijawahi kumdhuru mtu na ninaamini alikuwa anasema alichokiona, mtu amekunywa siku tatu tumbo limepoa kaenda zake. Ila yule aliyekunywa miezi sita figo zikaanza kufa polepole yeye harudi kwa bibi kumwambia, anaishia hospitali na pengine hata hasemi alikunywa nini. Huyo ndo tunamtafuta kwenye panya.

Na kosa kubwa ninaloliona kila siku ni hili, tunapima kitu ambacho mgonjwa hanywi. Mgonjwa anakunywa mizizi iliyochemshwa kwenye maji, sisi tunailoweka kwenye ethanoli (pombe kali ya maabara) kwa sababu ndivyo tulivyozoea maabara. Mgonjwa anakunywa miezi mitatu, sisi panya tunampa siku moja. Alafu tunaandika "ni salama". Kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya kuzuia hilo.

Kwanza kaa na mganga, na mizani

Usianzie maabara. Nenda na mizani, jagi lenye mistari na daftari, mwombe mzee au mama akutengenezee dawa kama anavyomtengenezea mgonjwa, wewe pima tu. Akisema "ngumi moja ya mizizi" mwambie akamate ngumi mara tano na kila moja uiweke kwenye mizani, mimi niliwahi kupata kutoka gramu 62 mpaka gramu 110 kwa mkono uleule asubuhi ileile. Uliza anachemsha muda gani, maji yanapungua kiasi gani, glasi ni ya ukubwa gani, mara ngapi kwa siku, na swali linalosahaulika kuliko yote, mgonjwa anakunywa kwa siku ngapi. Uliza pia nani anakatazwa. Waganga wengi wana makatazo yao, mjamzito asinywe, mtoto asinywe, na mara nyingi nyuma ya katazo kuna kitu mtu alishakiona zamani, kwahiyo liandike kama data.

Hapohapo andikianeni. Karatasi inayosema dawa ni ya nani, sampuli itatumika kwa kazi gani, na majibu yatarudi kwa nani. Mganga akinyimwa majibu ya dawa yake mwenyewe siku nyingine hatakuletea kitu, na ana haki.

Mmea ni upi hasa

Chuma tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, libane kwenye magazeti likauke, mpelekee mtaalamu wa mimea alitambue kwa jina la kisayansi na libaki kwenye hifadhi ya mimea na namba yake. Hii sio urasimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wanapunguza unene kwenye kliniki moja walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina, ikatokea mmea unaoitwa Stephania tetrandra umechanganywa na Aristolochia fangchi kwa sababu majina yao ya Kichina yanakaribiana. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengine wakaja kupata saratani ya njia ya mkojo. Jina la mtaani tu. Kwetu huku mti wa Melia azedarach unafanana sana na mwarobaini, na matunda yake ni sumu, sasa mtu akikuletea majani makavu yaliyosagwa utajuaje ni upi?

Andika na sehemu ya mmea. Sokwe wa Mahale kule Kigoma wakiumwa tumbo hutafuta Vernonia amygdalina, ule mti mchungu ambao Watongwe wanauita mjonso, wanaondoa majani na maganda ya nje kwanza ndo wanatafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake. Wanasayansi walipopima wakakuta majani yana kemikali yenye sumu kali zaidi. Mti mmoja, sehemu mbili, usalama tofauti. Ukiandika "Vernonia" peke yake hujaandika kitu.

Kabla ya kumgusa panya

Kuna mambo ya kumaliza bila mnyama yeyote. Pima metali nzito, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mitishamba ni risasi isizidi miligramu 10 kwa kilo na kadimiamu isizidi 0.3. Pima ukungu, aflatoksini (sumu inayotokana na ukungu), bakteria. Na pima kama kuna dawa ya hospitali imechanganywa humo, hasa kwenye dawa za nguvu za kiume na za maumivu ya viungo, maana unaweza ukakaa miezi unapima mizizi kumbe unapima sildenafili, yaani ile dawa ya Viagra.

Alafu fanya kile kipimo cha vijikamba vya maji ya chumvi, Artemia, ni cha tangu 1982 na ni cha bei nafuu, unatotoa mayai kwenye maji ya chumvi, unaweka vijikamba 10 kwenye kila chupa na viwango tofauti vya dawa, baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Kiwango kinachoua nusu yao kikiwa chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita ujue kuna kitu chenye nguvu humo ndani, kuwa makini na dozi ya kuanzia. Sio hukumu, ni king'ora tu. Kipimo cha Ames kinachotumia bakteria kuona kama dawa inaharibu vinasaba nacho kifanye kama unaweza, maana uharibifu wa aina hiyo panya aliyelishwa dawa siku 28 hatakuonyesha.

Kibali

Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kila taasisi inayofanya utafiti kwa wanyama inatakiwa iwe na kamati ya maadili. Peleka andiko lako kabla hata hujaagiza panya. Watakuuliza mambo matatu ambayo wanasayansi wa Uingereza, Russell na Burch, waliyaweka tangu 1959, je, huwezi kutumia njia isiyo na mnyama, je, huwezi kutumia wanyama wachache zaidi, je, umepunguza maumivu yao kadiri inavyowezekana. Jibu kwa ukweli. Na andika mapema ni dalili gani zikionekana utamtoa mnyama kwenye jaribio bila kusubiri afe mwenyewe, mfano amepungua asilimia 20 ya uzito, hawezi kufikia maji, amelala ubavu haamki. Ukiandika baadaye utachelewa, nimeshuhudia mnyama anateseka usiku kucha kwa sababu hakuna aliyejua nani anaruhusiwa kuamua.

Panya wenyewe

Tunatumia panya weupe wa maabara, wale wakubwa aina ya Wistar au Sprague-Dawley, au wadogo wa albino (usichanganye na panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu, hao ni kazi nyingine kabisa). Kwa dozi moja tumia majike ambao hawajawahi kuzaa, wiki 8 mpaka 12, uzito wao usitofautiane zaidi ya asilimia 20 na wastani. Joto la chumba nyuzi 22, ikizidi au ikipungua isipite 3, mwanga saa 12 giza saa 12. Wape angalau siku 5 wazoee chumba. Umeme ukikatika Dar mwezi wa pili chumba kinapanda mpaka nyuzi 32, panya wanahema, wanaacha kula, alafu unasema dawa imewapunguza uzito. Andika joto kila siku, asubuhi na jioni.

Hesabu ya dozi, hapa usikimbie

Chukua dawa kama ilivyotengenezwa na mganga, ichuje, ikaushe mpaka ubaki unga, kama una mashine ya kukausha kwa baridi ni bora zaidi. Tuseme lita moja imekupa gramu 12. Glasi ya mililita 250 basi ina gramu 3, mgonjwa anakunywa glasi mbili, gramu 6 kwa siku. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili.

Sasa panya kwa udogo wake anachoma vitu mwilini haraka kuliko binadamu, kwahiyo huwezi kumpa 100 ukasema ni sawasawa. Kwa panya mkubwa zidisha kwa 6.2, unapata miligramu 620 kwa kilo. Kwa panya mdogo zidisha kwa 12.3, unapata 1,230. Hicho ndo kiwango cha kile mgonjwa anachokunywa, bado hujaongeza chochote. Ona sasa ilivyo, watu wanatoa miligramu 1,000 kwa kilo kwa sababu vitabu vinasema hiyo ndo ya juu kwenye jaribio la siku 28, wanaandika salama, kumbe kwa dawa hii wamempa panya mara moja na nusu tu ya anachokunywa mgonjwa. Na mwongozo wenyewe wa jaribio hilo unaruhusu kupita hapo kama binadamu anatumia kiwango kikubwa, ila lazima uwe umepiga hesabu ndo ujue.

Dozi moja

Ile njia ya zamani ya kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, ya tangu 1927, iliyokuwa inamaliza makumi ya panya, iacheni. OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya vipimo hivi, waliifuta kwenye miongozo yao mwaka 2002. Tumia mwongozo wao namba 423. Dozi za kuanzia ni miligramu 5, 50, 300 au 2,000 kwa kilo, kama hujui kitu kuhusu mmea anza na 300, kama inatumiwa na watu miaka na vipimo vya awali havijatisha unaweza kuanza na 2,000. Unalisha majike 3. Wakifa wawili au watatu unashuka dozi. Akifa mmoja au wasipokufa unarudia dozi ileile kwa wengine 3, na hapo tena hakuna zaidi ya mmoja aliyekufa ndo unapanda. Mara nyingi kwa mitishamba ya kuchemsha unamaliza na panya 6 tu kwenye 2,000.

Panya wakubwa wanyime chakula usiku kucha, maji waache. Wadogo saa 3 mpaka 4 zinatosha. Mfano panya wa gramu 200 kwa dozi ya 2,000 anahitaji miligramu 400, ukizichanganya kwenye maji mililita 2 ni sawa, ujazo wa mililita 1 kwa kila gramu 100 za mwili. Ukilazimika, kwa dawa ya maji unaweza kufika mililita 2 kwa kila gramu 100.

Sasa kulisha. Sindano ya kulishia ina kichwa cha duara, pima kwanza nje ya mwili kutoka mdomoni mpaka mwisho wa mbavu, weka alama. Mshike ngozi ya shingoni, kichwa kiangalie juu, pitisha pembeni ya mdomo, iteleze yenyewe kwa uzito wake. Ukihisi inagoma USISUKUME, toa uanze upya. Mwaka wa kwanza nafanya kazi hii tulipoteza panya wawili ndani ya dakika kumi za dozi ya juu, kwenye daftari ikaandikwa dawa ni sumu, mzee wa watu akaambiwa hivo. Mimi nikaomba tuwapasue japo wengi waliona ni kupoteza muda, tulipofungua kifua mapafu yalikuwa ya rangi ya chai, mazito, ukibonyeza inatoka dawa yenye povu. Tumbo halikuwa na kitu. Tulikuwa tumemwaga dawa kwenye koo la hewa, mikono yetu ndo iliyoua. Tangu siku ile kila panya anayekufa mapema naanzia kwenye mapafu.

Baada ya kulisha kaa nao. Nusu saa ya kwanza usiondoke, saa 4 za mwanzo rudi rudi, alafu kila siku mpaka siku ya 14. Angalia manyoya kusimama, kujikunyata, kutetemeka, mate, kuharisha, degedege, usingizi usio wa kawaida. Ukiona wekundu kuzunguka macho na pua usipige kelele ni damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi za machozi za panya akiwa na msongo au anaumwa, iandike tu. Na kumbuka panya hawezi kutapika. Dawa chungu ambayo mtu angeitapika nusu, yeye inabaki yote.

Siku nyingi, hapa ndo penye majibu

Aliyekunywa mara moja na hajafa hajakuambia kitu kuhusu miezi mitatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1993, uliotoka kanda ya Pasifiki Magharibi, unakupa kipimo kizuri cha kuamua, kama mgonjwa anatumia chini ya wiki moja panya apewe wiki 2 mpaka mwezi, kama ni wiki 1 mpaka 4 panya apewe wiki 4 mpaka miezi 3, kama ni mwezi mpaka miezi 6 panya miezi 3 mpaka 6, na dawa za zaidi ya miezi 6 panya miezi 9 mpaka 12. Dawa za sukari na presha zote ziko huko kwenye muda mrefu, na ndo hizohizo nazikuta zimepimwa siku 14.

Kwa siku 28 (mwongozo wa OECD namba 407) unahitaji dozi tatu na kundi la kulinganishia linalopewa maji tu kwa sindano ileile, kila kundi madume 5 na majike 5. Kwa siku 90 (namba 408) ni 10 na 10. Kwa mfano wetu ningechagua 620, 1,240 na 3,100, yaani mara moja, mara mbili na mara tano ya mgonjwa, na kama ya juu ni nzito sana igawe asubuhi na jioni. Ukiweza ongeza kundi dogo kwenye dozi ya juu na kwenye maji, waache siku 14 bila dawa baada ya kumaliza, uone kama madhara yanarudi nyuma au yamebaki palepale. Pima uzito kila wiki na urekebishe dozi, panya anakua.

Siku ya mwisho watoe damu wakiwa kwenye usingizi wa dawa, wasiamke tena. Tyubu ya zambarau kwa hesabu ya seli, ya nyekundu kwa seramu. Kwa ini angalia ALT, AST na ALP, vimeng'enya vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, kwa figo kreatinini na yurea, taka ambazo figo hutoa kwenye damu. Toa viungo, vipime ini, figo, moyo, bandama, ubongo, tezi juu ya figo, korodani, kwa uwiano wa uzito wa mwili, kisha kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kiungo, usirundike maini kumi kwenye kikopo kimoja yataoza katikati. Kipande kinachoangaliwa kwa hadubini kisomwe na mtu asiyejua ni cha kundi gani. Hili nalisisitiza, msomaji akijua ni dozi ya juu macho yake yanatafuta ubaya.

Kusoma na kuandika

ALT ikipanda kidogo kwenye dozi ya kati peke yake huku ya juu iko sawa, hiyo huenda ni kelele ya namba. Ikipanda ngazi kwa ngazi na dozi, na ini limeongezeka uzito, na hadubini inaonyesha seli zimekufa, hapo una madhara, hata kama panya wanaruka ruka kwenye kizimba. Dozi ya juu kabisa isiyo na madhara ndo namba unayoitafuta. Igawe kwa 6.2 urudi kwa binadamu, alafu gawa kwa 10 kama akiba ya usalama, ulinganishe na anachokunywa mgonjwa. Mara nyingi akiba hiyo haitimii, sema hivo wazi.

Ripoti ndo itaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, usiandike neno "salama" likiwa peke yake. Andika sehemu gani ya mmea, imechemshwaje, dozi ipi, siku ngapi, panya jinsia gani. Wajawazito hujawapima, andika hujawapima. Dawa hii pamoja na ARV hujaipima, andika. Vipande vya viungo vilivyogandishwa kwenye nta na slaidi zake vitunze, miaka mitano baadaye mtu atauliza.

Alafu rudi kwa mganga na umsomee kwa Kiswahili, yote, hata mabaya. Mimi nikienda huwa nabeba jagi la plastiki lenye mistari, nampigia alama ya wino pale kwenye 250, na mizani ndogo ya jikoni kwa ajili ya zile ngumi zake, maana namba zote za kwenye ripoti zinasimama juu ya glasi ile.